Maswali na Majibu: Kioo cha Jiko la Kuni Kilichogoma Kutakata

Baridi ya Julai ikishaingia Molo, Elburgon na Mau Narok, barua za wasomaji nazo hugeuka. Safari hii tumekusanya zile za kioo cha mlango wa jiko la kuni, na mwishoni tumeongeza mbili za vioo vingine vinavyokaa karibu na moto. Maswali tumeyafupisha.

Nina jiko la chuma la kuni lenye mlango wa kioo. Kioo kimekuwa cheusi tititi, na sehemu ya chini kuna ugaga wa kahawia unaong'aa ambao sabuni ya vyombo haiugusi kabisa. Nilianza kusugua kwa waya wa sufuria nikaogopa kuendelea. Nifanyeje? (Mama Watoto, Molo)

Ulifanya vyema kuuacha waya, mama. Kioo cha jiko hustahimili joto kali, lakini mikwaruzo hakiiwezi. Kila mstari unaochimbwa na waya huwa makao mapya ya masizi, na mkwaruzo wa kina waweza kuwa mwanzo wa ufa.

Kwenye mlango wako kuna uchafu wa aina mbili. Ule mweusi mkavu unaopaka kidole ni masizi, yaani kaboni iliyokosa kuungua. Ule wa kahawia unaong'aa ni lami ya kuni: moshi ulifika kwenye kioo kikiwa bado baridi, ukaganda hapo, kisha moto wa siku zilizofuata ukauoka. Masizi huondoka ukiyapangusa kwa gazeti lililoloweshwa. Lami ina mafuta na asidi ndani yake, kwa hiyo maji matupu huteleza juu yake. Inataka kitu chenye ukali wa magadi.

Dawa ya kwanza iko ndani ya jiko lenyewe. Subiri lipoe kabisa. Asubuhi kabla ya kuwasha ndiyo saa nzuri. Chota majivu meupe ya juujuu, usichimbe hadi chini kwenye vipande vya mkaa na changarawe. Yachekeche kwa soksi kuukuu ya nailoni au chujio la chai upate vijiko viwili vya mezani. Kunja ukurasa wa gazeti, uloweshe, ukamue hadi usidondoke, uchovye kwenye majivu, kisha usugue kwa mizunguko midogo bila kukandamiza. Mwanzoni kioo kitaonekana kinazidi kuchafuka. Endelea. Maji ya kahawia kama strungi yakianza kutiririka, ujue lami imeachia. Tupa gazeti hilo uchukue jingine, maana ukiendelea na lilelile unarudisha uchafu ulioutoa.

Majivu yanafanya kazi kwa sababu yana kabonati ya potasiamu. Ikikutana na maji hupata ukali unaogeuza mafuta ya lami kuwa kitu kinachoosheka, na chembe laini za majivu zinasaidia kusugua bila kukwaruza. Wapishi wa Kakamega na Vihiga wanaochuja munyu wa musherekha kutoka majivu ya maganda ya maharagwe ili kulainisha mboga wanatumia nguvu hiyohiyo.

Ugaga wa chini huenda ukahitaji zaidi ya hapo. Vua mlango. Milango mingi imekaa kwenye pini mbili na hutoka ukiinyanyua wima, ila iwe na mtu wa kukusaidia kwa sababu chuma cha kuyeyusha ni kizito. Ulaze juu ya blanketi lililokunjwa, upande wa ndani ukitazama juu. Yeyusha kijiko kimoja cha mezani cha magadi ya sokoni, yale ya kupikia mboga, katika kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, yaani mililita 250 hivi. Yachuje, kwa sababu magadi ya sokoni huja na mchanga, na mchanga ni adui wa kioo kuliko hata huo waya. Lowesha karatasi ya jikoni kwa maji hayo, itandaze juu ya ugaga, ifunike kwa nailoni isikauke, uiache nusu saa. Kisha rudia majivu. Vaa glavu, magadi hukausha na kuwasha ngozi. Usiache maji hayo yafike kwenye kamba ya kuzibia mlango wala kwenye urembo wa alumini, kwa kuwa magadi hula alumini.

Kama bado pana vidonge vilivyong'ang'ania, sasa ndipo wembe unaruhusiwa. Uwe mpya, uwekwe kwenye kishikio, ulale karibu na kioo kwa pembe ya digrii 30 hivi, na kioo kiwe kimelowa wakati wote. Sukuma mbele tu, usiburute kurudi nyuma. Wembe wenye jino lililovunjika uutupe mara moja.

Halafu suuza mara mbili kwa kitambaa na maji safi, ukaushe. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayowaudhi baadaye. Magadi au majivu yakibaki kwenye kioo, moto wa kwanza huyaoka na kuacha michirizi myeupe ambayo ni migumu kuliko lami uliyoitoa.

Dawa za kunyunyizia za kusafishia oveni, zile zenye kostiki soda, zinatoa lami kwa dakika chache, hatukatai. Lakini zinaharibu kamba na rangi nyeusi ya mlango, na mvuke wake unachoma kifua. Sisi hatuzipendekezi mpaka hayo mengine yote yashindwe.

Niliambiwa nichanganye siki na bekingi soda. Povu linatoka jingi lakini doa haliondoki. Ni soda mbovu? (Mwalimu, Njoro)

Soda ni nzima, mwalimu. Shida ni kuvichanganya. Asidi ya siki na soda hubatilishana: povu ni gesi ya kaboni dioksidi ikitoroka, na kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na ukali wowote. Tumia soda peke yake kwa lami, vijiko vitatu vya soda kwa kijiko kimoja cha maji, iwe uji mzito unaokaa kwenye kioo bila kuteleza. Uache dakika 20. Siki itunzie madoa meupe ya chokaa ya maji, ambayo magadi hayayawezi.

Nyumba yetu ya wageni ina jiko la kuni sebuleni. Kioo si cheusi, kina ukungu mweupe usiotoka kwa majivu, soda wala siki. Kikiwa kimelowa kinaonekana safi, kikikauka ukungu unarudi. Tunachoma kuni za kawaida, na mara nyingine vipande vya nguzo zilizobaki tulipojenga uzio. (Meneja, Nandi Hills)

Umetupa jibu mwenyewe uliposema ukungu hupotea kioo kikilowa. Doa lililo juu ya kioo huonekana hata likiwa na maji. Ukungu unaopotea na kurudi ni uso wa kioo wenyewe uliolika: umejaa vishimo vidogo mno, maji yakivijaza mwanga unapita vizuri, yakikauka mwanga unatawanyika tena. Hakuna sabuni ya kuondoa kitu ambacho si uchafu. Fundi mwenye unga wa seriamu oksidi anaweza kuung'arisha kidogo kama ulikaji ni mwepesi, lakini ni kazi ya saa nyingi na hatungelipia.

Kinachokula kioo hivyo ni mvuke wa asidi na chumvi kutoka kwa vitu visivyopaswa kuingia jikoni: mbao zilizopakwa rangi, plastiki, takataka za karatasi zenye gundi. Jambo kubwa zaidi kwenye barua yako, hata hivyo, ni hizo nguzo. Nguzo za mkaratusi zilizotibiwa zisiliwe na mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, zimeshindiliwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Ukizichoma, aseniki nyingine inatoka na moshi na iliyobaki inakaa kwenye majivu. Nguzo nyeusi zenye harufu ya lami nazo zimelowekwa kwenye mafuta ya kreosoti. Acheni leo. Majivu yaliyomo sasa msiyatumie kusafishia kioo, wala msiyamwage kwenye bustani ya mboga au banda la kuku. Yakusanyeni yakiwa yameloweshwa kidogo yasitimke, huku mmevaa glavu na barakoa, myafunge kwenye mfuko na kuulizia ofisi ya mazingira ya kaunti yatupwe wapi.

Ninanunua mabaki ya saiprasi kwenye kiwanda cha mbao. Yanawaka vizuri, lakini nikisafisha kioo Jumamosi, Jumapili jioni kimeshakuwa cheusi. Nimechoka kusugua. (Kijana wa Elburgon)

Usisugue zaidi, ndugu. Kioo kinachokuwa cheusi kwa siku moja kinakuambia moto wako hauna joto la kutosha, na mara nyingi chanzo ni maji yaliyomo kwenye kuni.

Mti uliokatwa karibuni waweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji. Kuni za jiko lenye kioo zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 20. Maji yakizidi hapo, moto hutumia nguvu yake kuyachemsha badala ya kuchoma moshi, joto la chumba cha moto linashuka, na moshi wenye lami unakwenda kuganda pale penye baridi. Kioo ndicho ukuta wenye baridi zaidi humo ndani, kwa sababu upande wake wa pili uko sebuleni kwako. Mabaki ya kiwandani yanadanganya kwa namna mbili: yamepasuliwa vizuri kwa hiyo unadhani ni makavu, na saiprasi ina utomvu unaoshika moto hata kuni ikiwa bado mbichi. Unaona mwali, unaridhika, kumbe moshi mwingi unapita bila kuungua.

Pima mwenyewe. Pasua kipande kimoja katikati, chukua sehemu ya ndani, ipime kwenye mizani ya jikoni. Tuseme ni gramu 1,000. Iweke juu ya jiko, mahali penye joto lakini isiungue, uipime kila siku mpaka uzito uache kushuka. Ikiishia gramu 820, ilikuwa na maji ya asilimia 18, na kuni hizo ni nzuri. Ikiishia 650, umekuwa ukinunua maji kwa bei ya kuni. Kipimo cha haraka ni kugonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito uliokufa. Vipo pia vipimo vidogo vya betri vyenye sindano mbili; uchome sindano kwenye uso uliopasuliwa sasa hivi, si kwenye ganda la nje ambalo hukauka kwanza.

Kukausha kwenyewe hakuna siri. Pasua vipande vya unene wa sentimita 8 hadi 12. Vipange juu ya mbao au mawe, sentimita 15 kutoka ardhini, mahali upepo unapopita, ufunike juu tu. Watu wengi wa huko kwenu hufunga rundo lote kwa nailoni kwa hofu ya mvua, na hilo ndilo kosa: unyevu hukosa pa kutokea, kuni zinaota ukungu. Acha pande wazi. Saiprasi iliyopasuliwa ipe miezi sita na zaidi kwenye baridi ya Elburgon, mkaratusi upe mwaka mzima. Viwanda vya chai vya Kericho na Nandi navyo huupanga mkaratusi uliopasuliwa ukauke kabla ya kuuingiza kwenye boila, na wao wanahesabu kila shilingi ya kuni.

Ukishapata kuni kavu, badilisha pia namna ya kuwasha. Weka vipande viwili au vitatu vikubwa chini, vidogo juu yake, na vijiti vya kuwashia juu kabisa. Washa kutoka juu. Moshi wa kuni za chini utapita kwenye mwali na kuungua. Fungua hewa yote kwa dakika 20 hadi 30 za kwanza. Gogo lisiguse kioo, liwe mbali nacho kwa sentimita 5 au zaidi. Moto ukishika kasi, utando mwembamba wa kahawia uliobaki kwenye kioo utaungua wenyewe huku ukitazama, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ila usifike mahali pa kufanya chuma kiwe chekundu. Hapo umeshapita kiasi.

Na kabla hatujakuacha: kama kioo kimekuwa hivyo miezi yote hiyo, bomba la moshi nalo limevaa lami ileile, na lami ya ndani ya bomba hushika moto. Lipigwe brashi kabla hujawasha moto mkali wa kwanza.

Kuni zangu ni kavu, nina uhakika. Kioo kinabaki safi ila pembe moja ya chini, upande wa komeo, inayokuwa nyeusi kila mara. (Mzee, Mau Narok)

Mzee wetu, weusi wa pembe moja ni hewa inayovuja. Jiko la kisasa hupitisha hewa iliyopata joto juu ya kioo, ikateremka kama pazia kati ya mwali na kioo. Mlango ukivuja pembeni, hewa baridi inapenya hapo, inavunja pazia hilo na kupoza kona, na masizi yanakaa.

Chukua noti ya shilingi 100 au kipande cha karatasi, kibane kwenye mlango, funga, kisha vuta. Zunguka mlango mzima namna hiyo. Mahali ambapo noti inatoka bila kukataa ndipo panapovuja. Mara nyingi ni kamba ya mlango imekuwa ngumu na bapa, lakini anza na komeo: majiko mengi yana skrubu ya kulisogeza, na nusu mzunguko tu waweza kumaliza kesi.

Ikiwa ni kamba, nunua ya nyuzi za kioo yenye unene uleule wa zamani, kwa kawaida milimita 10 au 12. Usikisie. Nene kupita kiasi itazuia mlango kufunga na kubana kioo hadi kipasuke. Nyembamba itavuja kama ya zamani. Toa kamba kuukuu, kwangua gundi iliyokauka kwenye mfereji hadi uone chuma, pangusa vumbi. Weka mstari wa gundi ya majiko, ile inayostahimili digrii 1,000 na kuendelea, wa upana wa milimita 4 hivi. Laza kamba bila kuivuta. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: kamba iliyovutwa hunyooka na kuwa nyembamba, na ikipata moto hurudi nyuma na kuacha pengo kwenye maungio. Maungio yawe upande wa bawaba, ncha zigusane bila kupandana. Tandaza nailoni kati ya kamba na jiko, funga mlango, acha saa 24, toa nailoni, kisha washa moto mdogo kabla ya mkubwa.

Kama jiko lenyewe ni la kurithi, la miaka ya 1970 au kabla, kamba yake ya zamani inaweza kuwa na asbestosi. Usiipige brashi ikiwa kavu. Ilowe kwa maji kwanza, vaa barakoa, uifunge kwenye mfuko.

Ikiwa noti imekataa kila mahali, basi angalia tundu za hewa za juu ya kioo. Jiko lililokaa miezi bila kuwashwa hutembelewa na nyigu wanaojenga kwa udongo, na kiota kimoja kinatosha kuziba njia ya hewa ya upande mmoja. Waya mwembamba unatosha kukibomoa.

Usiku mimi hujaza magogo na kufunga hewa yote ili moto ukae hadi asubuhi. Asubuhi kioo ni lami tupu. Kuna njia ya kulaza moto bila kuchafua kioo? (Msomaji, Kericho)

Hapana, na tungekuomba uache desturi hiyo kwa sababu nzito kuliko kioo. Moto ulionyimwa hewa hautoi mwali, unatoa moshi na gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Bomba likipoa usiku wa manane mvuto wake hupungua, na gesi hiyo inaweza kurudi chumbani watu wamelala. Ukumbuke pia kwamba nyanda zenu ziko juu. Molo, kwa mfano, iko karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito wa karibu robo tatu tu ya hewa ya Mombasa. Kwa hiyo alama ya "nusu" kwenye kidhibiti cha jiko lililotengenezwa Ulaya si nusu ya kweli kwako. Jiko lako linahitaji kufunguliwa zaidi ya kitabu kinavyosema.

Washa moto mkali jioni, chuma na matofali yanywe joto, uuache uishe wenyewe hewa ikiwa wazi. Asubuhi utakuta makaa ya kuwashia na kioo unachoweza kukipangusa kwa kitambaa kikavu.

Kioo kilipata ufa. Fundi wa vioo anasema ataniwekea cha dirisha cha milimita 6, kwamba unene unatosha. (Msomaji, Kapsabet)

Mkatalie kwa heshima. Si suala la unene. Kioo cha dirisha hupasuka joto la sehemu moja likizidi la nyingine kwa digrii 40 hivi, na kikiwa kinene ndivyo tofauti hiyo inavyokuwa kubwa. Hata kile kilichoimarishwa kwa moto, cha milango ya maduka na oveni, kinafaa hadi digrii 250 hivi. Kioo cha jiko la kuni ni cha kauri: karibu hakitanuki kabisa kinapopata joto, na hustahimili hadi digrii 700 hivi. Huagizwa kwa wauzaji wa majiko, kwa kawaida cha milimita 4.

Unapopima, pima nafasi ya fremu, si kioo cha zamani kilichovunjika, kisha punguza milimita 2 hadi 3 kila upande, kwa sababu fremu ya chuma inatanuka hata kama kioo hakitanuki. Skrubu zilizoshikwa na kutu uzitie mafuta ya kulegeza usiku kucha kabla ya kuzigusa. Unapofunga kioo kipya, weka utepe wake bapa wa nyuzi za kioo, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kuvukana, na uishie pale kioo kinapoacha kucheza. Vioo vingi vya jiko vinavyopasuka bila kupigwa vimebanwa na bisibisi ya fundi. Na mpaka kipya kifike, usiwashe.

Oveni yangu ya gesi ina vioo viwili mlangoni, na mafuta yameingia katikati. Je, dawa hizi za jiko la kuni zinafaa? (Mpishi, Kisumu)

Soda inafaa, majivu na wembe hapana. Kioo cha ndani cha oveni ni cha kuimarishwa. Mkwaruzo mmoja wa kina unaweza kukifanya kimwagike vipandevipande siku nyingine kabisa, bila onyo. Milango mingi ina skrubu mbili au nne za juu au pembeni zinazotenganisha fremu. Piga picha kabla ya kutoa chochote, uone kioo kipi kinatazama wapi. Paka uji wa soda kwenye mafuta, uache saa moja hadi mbili, ufute kwa sponji laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ukaushe kabisa kabla ya kufunga. Unyevu ukibaki katikati utakuwa ukungu kila unapooka.

Nyanya bado anatumia taa ya chemni umeme ukipotea. Chemni inakuwa nyeusi kwa saa moja, na mbili zimeshapasuka nikizisafisha. (Mjukuu, Butere)

Weusi unatoka kwenye utambi, kwa hiyo uanzie hapo. Ukate ncha kwa mkasi uwe sawasawa, na pembe mbili uzipunguze kidogo ili mwali usiwe na masikio. Washa ukiwa chini, subiri dakika tano chemni ipate joto, ndipo upandishe. Mwali ukitoa ncha ya manjano inayochezacheza na uzi wa moshi, umeupandisha mno. Safisha pia vitundu vya chini ya kichwa cha taa. Vikiziba kwa wadudu waliokufa, mwali unakosa hewa. Mafuta ya taa yenye rangi isiyo ya kawaida au harufu ya dizeli hutoa masizi hata utambi ukiwa mzuri.

Chemni zako zilipasuka kwa sababu ni kioo cha kawaida, nazo hazipendi maji zikiwa na joto. Ziache zipoe nusu saa. Pangusa ndani kwa gazeti kavu lililofinyangwa, uzungushe kwa vidole viwili bila kulazimisha mkono upite shingoni. Masizi mengi yatatoka hivyo bila maji. Yaliyobaki yaoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, uisimamishe kichwa chini juu ya kitambaa mpaka ikauke. Kabla ya kuirudisha kwenye taa, ipitishie karatasi kavu kwenye ukingo wa chini, kwa sababu tone moja la maji likibaki pale, ndipo ufa utakapoanzia taa ikiwashwa.